Sura ya Tano: Viatu Kapuni

Kwanza walimvua viatu.

Inspekta alikuwa ndiyo kwanza ameshika ngazi ya meli, mguu mmoja bado uko kwenye mashua iliyomleta, baharia aliyevaa shati jeupe akamsogezea kapu.

"Viatu, mzee. Sitaha yetu ni ya mbao. Soli nyeusi zinaacha alama."

"Mimi ni polisi."

"Hata polisi, mzee."

Akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachomoza. Nyuma yake Sajini, mwanamke mfupi mwenye ulimi usiokwenda likizo, alikuwa ameshatupa vyake kapuni na kusimama peku kama aliyezaliwa humo.

"Afande, shahidi wa kwanza amejitokeza mwenyewe," alisema akikitazama kidole.

"Nyamaza, tufanye kazi."

Meli yenyewe ilikuwa ndogo, ya abiria thelathini hivi, na ghali kuliko zile kubwa zinazobeba watu maelfu. Kila kitu kiling'aa bila kelele: shaba, vioo, hata sauti za watu. Ilikuwa imetia nanga nje ya bandari, ikisubiri maji yajae alasiri ndipo iingie gatini. Mpaka hapo Inspekta angekuwa ameipata bruchi iliyopotea usiku, pini ya kifuani yenye yakuti ya buluu, au Dobi wa meli angeteremshwa katikati ya askari wawili.

Dobi walimkuta chumba cha kufulia, amekaa kwenye kigoda karibu na pasi iliyozimwa. Mwanamke wa makamo, mikono imefumbatana magotini. Nahodha alisimama mlangoni, nguo zake zimenyooka kama zilivyotoka mikononi mwa huyohuyo aliyekuwa akimlinda asitoroke.

"Tumepekua kitanda chake, chumba hiki, na vyumba vya wafanyakazi wote," Nahodha alisema. "Hatujaiona. Ameificha vizuri."

"Na vyumba vya wageni?"

Nahodha alishtuka kidogo. "Wageni hatuwapekui, Inspekta. Wamelipa."

"Kumbe tiketi ni cheti cha uaminifu," Sajini akasema.

Inspekta alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Macho yake na ya Dobi yakawa sawa. "Haya, dada. Nieleze ilivyokuwa, polepole."

"Jana ilikuwa chakula cha nguo nyeupe, afande. Wageni wote wanavaa nyeupe. Yule mama mjane wa chumba cha mwisho alivaa na shali ya buluu juu, kwa sababu ya kiyoyozi, ameibana kwa bruchi yake kifuani. Shali ikamwagikiwa mvinyo. Nguo ya kufua, mgeni anaitundika kwenye ndoano nje ya mlango wake akienda kulala. Mimi napita alfajiri kuzoa. Nilipoichukua, bruchi haikuwepo."

"Una hakika?"

"Ningeiloweka hariri na chuma juu yake? Kila nguo naipapasa kabla ya maji. Napata kalamu, napata vidonge, napata meno ya bandia. Vyote narudisha." Akamwonyesha Nahodha kwa kidevu. "Na huyu leo asubuhi amenitaja kwenye kipaza sauti. Dobi afike ofisini kuhusu kito kilichoibwa. Meli nzima. Hata wa chini kwenye injini wameacha kazi wakanitazama."

"Na kitabu chako cha ubaharia?"

"Anacho. Akikigonga muhuri wa wizi, afande, sitapanda tena hata mtumbwi. Kazi yangu yote imo mle."

Nahodha alikohoa. "Kuna jambo moja, kwa ajili ya haki tu. Jana, baada ya wageni kulala, nilimwona Bwana Bahari akitoka upande huu wa korido. Lakini yule ni mtu wa heshima."

"Bwana Bahari ni nani?"

"Ndivyo wenzake wanavyomwita. Anasema hii ni safari yake ya kumi kwenye meli za namna hii."

Inspekta akainuka, akairudisha ndoo mahali pake. "Tukamsalimie mtu wa heshima."

Chumba cha Bwana Bahari kilikuwa safi na chembamba, na mlango wa bafu haukufunguka zaidi ya shubiri. Sajini alipochungulia aliona sababu: sanduku gumu, kubwa kama jokofu, limesimama chini ya bomba la kuogea.

"Shikamoo mzee. Unaoga wapi?"

"Marahaba. Nalitoa kwanza." Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, nywele zimepakwa rangi, kifua mbele. "Karibuni, karibuni. Safari ya kumi hii! Nilikuwa nikizunguka bahari na meli hizi wakati nahodha wenu bado anabebwa mgongoni."

Inspekta alifungua kabati bila haraka. Suti nne za sufu. Koti zito la baridi. Tai zimepangwa kama samaki sokoni. Chini, viatu vyeusi vya ngozi, visigino vigumu, soli hazijagusa vumbi.

"Tai hizi umeshavaa ngapi, mzee?"

"Bado kidogo."

"Kuna mgeni hata mmoja uliyemwona na tai?"

Mzee akatazama dirishani, kana kwamba kuna aliyevaa tai majini.

"Jana wote walivaa nyeupe," Inspekta aliendelea, sauti ileile ya kuuliza njia. "Humu sioni nyeupe hata leso. Ulivaa nini?"

"Koti jeupe. Jeupe kabisa."

"Liko wapi?"

"Nimelirudisha."

"Kwa nani?"

Bwana Bahari alikaa kitandani, na kifua kikarudi nyuma mahali pake halisi. "Kwa mhudumu wa meza. Aliniazima. Nikakaa vizuri kabisa, karibu na yule mama mjane, nikasema leo ndiyo siku. Akanitazama, akaniambia, 'Kijana, niletee maji ya baridi.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikampelekea."

Sajini aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Kwa hiyo kule koridoni..."

"Nilikwenda kulitundika chumba cha kufulia, kabla mwenyewe hajaamka akalitafuta. Ndiyo hivyo tu, wallahi."

"Na shali ya buluu uliiona?"

"Niliiona wakati wa kwenda. Bruchi ilikuwa inameta pale pale juu yake, nikasema wanawake wenye mali hawana woga. Wakati wa kurudi sikutazama kitu. Nilikuwa natembea na aibu yangu." Akashusha sauti. "Inspekta, hii ndiyo safari yangu ya kwanza. Tafadhali yule mama asijue."

Sajini alitoka, akarudi baada ya muda. Mhudumu wa meza alikuwa amekubali yote, na kuongeza kwamba koti lilirudi na supu kwenye mkono wa kulia.

Kwenye ngazi Inspekta alisimama kumngoja Nahodha. Chini yao bahari ilikuwa tulivu, ya kijivu, ikipiga ubavu wa meli taratibu.

"Yule mzee amesema bruchi ilikuwepo usiku alipopita. Basi iliondoka kati ya hapo na alfajiri. Na huyu si mwizi, ni mwongo tu, tena mwongo wa kujipamba. Kabati lake lilimkana kabla yeye hajafungua mdomo. Niambie, Kapteni, mzoefu wa kweli anavaaje humu?"

Hilo lilikuwa swali alilolipenda Nahodha. Uso wake ulilainika kwa mara ya kwanza.

"Tazama alichoacha nyumbani. Mgeni wa kwanza analeta duka zima. Mzoefu anakuja na begi laini, analikunja, analitia chini ya godoro, kwa kuwa vyumba vyetu havina nafasi ya sanduku. Nguo zake chache, rangi mbili, kila shati linakubali kila suruali. Raba za soli nyeupe, zimeshalika. Kofia ina kamba ya kidevuni, la sivyo siku ya pili inaogelea. Na wanawake waliozoea kabisa hushona vyuma vidogo kwenye pindo la gauni. Upepo wa sitaha hauna adabu, Inspekta."

"Wageni mnawaambia haya kabla?"

"Tunawatumia maelezo nyumbani. Isipokuwa wakija ghafla, nafasi ya mtu aliyeahirisha."

"Na safari hii kuna aliyekuja ghafla?"

"Mama mjane na nesi wake tu."

Mjane aliwapokea ameweka mguu juu ya kiti, goti limefungwa bendeji. Masanduku matatu yalipangana hadi dirishani, na viatu vya visigino virefu vilikaa juu ya lile la juu kabisa kama ndege wa mapambo.

"Msiniangalie hivyo," alisema akicheka. "Nimejiletea mwenyewe. Siku mbili kabla ya safari wakanipigia simu, nafasi imepatikana. Nani wa kuniambia cha kubeba? Nilipanda na visigino, wakanivua pale chini. Nikapata kiburi, nikavivaa tena jioni, kidogo tu. Hatua ya tatu sitahani nikaenda chini mzima mzima. Uzee na ujinga vimenikuta siku moja."

"Pole, mama. Nani alikufunga?"

"Nesi wangu. Ana mkono mwepesi huyo, sijui ningefanyaje. Tangu mume wangu afariki ananitunza kama mwanangu. Na yeye maskini hata kivuko hajawahi kupanda. Jana jioni bahari ilimshika, akaondoka mezani kabla ya matunda. Mpaka sasa yuko kitandani."

"Bruchi uliisahau kwenye shali?"

Kicheko kikafifia. "Niliisahau. Mume wangu alinichagulia mwenyewe siku ya posa, akasema hii ni ya kwako. Na mimi naitundika nje ya mlango kama taulo." Akatazama mlango. "Yule dada anayefua, Inspekta. Kama ni yeye, sitaki afungwe. Lakini naitaka."

"Na kama si yeye?"

Mjane alivuta shuka juu ya goti.

Chumba cha Nesi kilikuwa mkabala, mlango kwa mlango. Hatua moja ingemtoa mtu kitandani kwake hadi kwenye ndoano ya shali. Nesi alilala chali, kitambaa cha maji usoni, ndoo pembeni. Ndoo ilikuwa kavu.

"Pole dada. Usiamke," Inspekta alisema. "Tunatazama vyumba vyote, ni utaratibu tu."

"Tazameni. Mimi dunia inazunguka."

Kabati lilichukua muda mfupi kulisoma. Suruali mbili, mashati matatu, sketi moja, vyote vya buluu iliyoiva na nyeupe. Kofia ya ukili laini, kamba ya kidevuni imeshonwa kwa uzi wa nailoni. Sanduku halikuwepo mahali popote. Sajini alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa begi la turubai lililokunjwa likawa bapa kama bahasha.

Inspekta aliokota raba zilizokuwa chini. Soli nyeupe, zimelika kisiginoni.

"Nguo nzuri," alisema. "Za safari hasa."

"Za kuazima. Dada yangu aliwahi kusafiri."

"Na raba?"

"Za dada pia."

Inspekta aliinamisha moja kwenye mwanga. Ubavuni, palipokaa kidole cha mwisho, kitambaa kilikuwa kimevimba na kulika, umbo la kinundu. Kisha alitazama ukingo wa kitanda. Miguu ya Nesi ilichungulia kwenye shuka, na kidole cha mwisho cha kulia kilikuwa na kinundu hichohicho.

"Ndugu mnafanana mpaka vidole," Sajini alisema.

Nesi aliingiza miguu ndani ya shuka. Lakini alipoivuta shuka chini, ilishuka pia kifuani, na Inspekta akaona kola ya gauni jeupe, limefungwa vifungo vyote.

"Unaumwa, umelala na gauni la kutokea?"

"Nilitaka nikifika tu niteremke. Sitaki kukaa humu dakika zaidi."

"Sawasawa. Hewa ya juu itakusaidia. Twende wote sitahani. Mama naye aje, na Kapteni. Sajini, mwite Dobi."

"Siwezi kusimama."

"Sajini ana bega imara."

Sitaha ya juu ilikuwa na upepo wa kutoka baharini, si mkali, wa kudumu. Mjane alikalishwa kwenye kiti cha turubai na gauni lake likajaa hewa mara moja, ikambidi alishike kwa mikono miwili. Suruali ya Nahodha ilipiga makofi. Bwana Bahari, ambaye hakuna aliyemwita, alitokea ngazini ameshikilia kofia yake mpya, na kofia ikamponyoka, ikaenda zake juu ya maji bila kuaga.

"Ya kumi hiyo?" Sajini akamuuliza.

Nesi alisimama akishika chuma cha ukingo. Gauni lake jeupe halikuruka. Lilitetemeka tu, limetulia chini kwa uzito wa kitu kilichoshonwa mle ndani, kama Nahodha alivyoeleza. Lakini upande wa kulia haukutetemeka hata kidogo. Ulining'inia wima, umevuta mshono wa kiuno ukapinda, na kola nayo ikaelemea huko.

Inspekta alimwachia Nahodha alione mwenyewe. Nahodha alitazama pindo, akatazama bahari, akatazama pindo tena.

"Vyuma," alisema polepole. "Ana vyuma kwenye pindo."

"Mtu asiyewahi kupanda hata kivuko," Inspekta alisema. "Aliyekuja ghafla, bila maelezo yoyote, kutoka nyumba moja na mama aliyeleta visigino. Begi laini, kamba ya kofia, raba zilizolika kwa mguu wake mwenyewe. Bwana Bahari alivaa uzoefu asiokuwa nao. Wewe dada ulivua wa kwako, lakini nguo hazikukubali. Ulifanya kazi gani kwenye meli?"

Nesi aliachia chuma cha ukingo. Alisimama vizuri kabisa, miguu imepanuka kidogo, akienda na mwendo wa meli. Ugonjwa ulikuwa umekwisha.

"Nilikuwa mhudumu wa vyumba," alisema. "Kabla ya unesi. Meli nyingine."

"Basi ulijua habari ya ndoano."

"Nilijua."

"Na ulijua kito kikipotea, nani anapekuliwa na nani hapekuliwi."

Hapo alimtazama Dobi, mara moja, akashusha macho. "Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Walinifukuza kwa saa ya mgeni iliyokutwa baadaye ndani ya kiatu chake mwenyewe. Nikasema basi. Kama jina la mwizi nimeshapewa, niwe nalo na faida yake."

"Ukampa mwenzako hilo jina," Dobi alisema.

Nesi akaushika tena ukingo.

Nahodha alikuwa ameamka tena katika unahodha wake. "Dobi, leta mkasi. Fumua hilo pindo."

Dobi alikuwa na mkasi mdogo mfukoni, ule wa kukatia nyuzi. Aliutoa, akautazama, akauweka juu ya meza ya mbao mbele ya Nesi.

"Mimi sigusi," alisema. "Mkono wangu hautaonekana karibu na kito hicho, Kapteni. Afumue aliyeshona."

Wakasubiri. Nesi alipiga magoti, akainua pindo, akaanza kukata uzi mmoja mmoja, kwa ule mkono mwepesi aliosifiwa. Kilidondoka kichuma kimoja cha duara, kikabiringika, kikalala. Halafu bruchi. Yakuti iligonga mbao na kukaa pale, buluu kuliko bahari, kubwa kama kifungo cha koti.

Mjane hakuiokota. Alikuwa akimtazama Nesi.

"Ulijua habari ya visigino," alisema. "Siku naanguka. Ulinipangia masanduku mwenyewe, ukavitia ndani, na ulijua."

"Mama, ningesema ningejulikana..."

"Bruchi ningekusamehe, mwanangu. Ungeniomba, pengine ningekupa." Aliweka kiganja juu ya bendeji. "Na goti je?"

Sajini alimshika Nesi mkono bila nguvu, akamwinua, wakashuka ngazi pamoja. Nesi alishuka kinyumenyume, uso kwa ngazi, kama watu wa meli wanavyoshuka.

Bwana Bahari ndiye aliyeinama, akaiokota bruchi na kumpa Mjane kwa mikono miwili. Mjane alimkazia macho.

"Wewe si yule wa maji ya baridi?"

"Ndiye, mama."

"Nashukuru. Yalikuwa ya baridi kweli."

Nahodha alitoa kitabu cha ubaharia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Alimnyooshea Dobi, sauti amepunguza. "Nadhani tulikosea. Yaishe. Chukua, urudi kazini."

Dobi hakunyoosha mkono.

"Asubuhi ulisema kwa sauti gani, Kapteni?"

"Sikiliza, wageni wanapumzika saa hizi..."

"Asubuhi walikuwa mezani. Sema kwa sauti ileile."

Nahodha alimgeukia Inspekta. Inspekta alikuwa ameinama, akishughulika na soksi yake kwa umakini mkubwa, akijaribu kukirudisha kidole ndani.

Basi Nahodha akakiweka kitabu mezani, akaenda. Walimsikia akipanda chumba cha usukani, kisha mlio wa kipaza sauti ukipasha koo. Sauti yake ilitoka juu ya vichwa vyao, ikatoka koridoni, ikatoka jikoni, ikashuka mpaka kwenye injini. Alisema kito kimepatikana. Alisema kilichukuliwa na mmoja wa wageni. Akasita, na meli nzima ikasikia akisita. Kisha akasema kwamba asubuhi alimtaja Dobi kwa wizi, kwamba Dobi hakuiba, na kwamba yeye Nahodha anamwomba radhi.

Dobi alisikiliza mpaka mlio wa mwisho ukakatika. Alichukua kitabu chake mezani kilipoachwa, akaufuta mkasi kwenye aproni, akautia mfukoni. Alipofika ngazini aligeuka.

"Afande."

"Naam, dada."

"Mpaka maji yajae bado kuna muda. Vua hiyo soksi nikushonee."